Sahani ya Vumbi na Zamu ya Maji

Kijiwe chetu pale Toconao, kijiji cha jangwani huko Chile, ni benchi la mawe mkabala na mnara wa kengele, anapouza kahawa mama Hermógena. Asubuhi ile kijiji kilikuwa kinasafisha mfereji, na sheria yetu haina huruma: nyumba isiyotoa mtu hukosa zamu ya maji mwaka mzima. Sisi tulishatoa vijana wetu. Mzee Saturnino alikuwa bado anakodolea macho barabara ya Calama, mji wa migodi, akimngoja mwanawe Wilson, huku mizabibu yake ikikauka.

Profesa, ndivyo tunavyomtania dereva wa wataalamu wa nyota, akaanza:

— Jana nimewasikia garini. Nyota ikizaliwa, inazungukwa na sahani ya gesi na vumbi. Miaka milioni chache tu, sahani haipo!

— Imeibwa, akasema Patasi, mchonga mawe.

— Acha ushamba! Gesi inalipunguzia vumbi mwendo, linadondokea kwenye nyota.

— Linadondokaje? Mwenda pole hajikwai.

— Wahenga hawakuwa vumbi, bwana!

— Kwa hiyo nyota inakula watoto wake, mzee akanung'unika. Kama migodi.

— Si lote linaloliwa. Lingine limeshikana likawa sayari. Gesi iliyobaki inapeperushwa na mwanga wa nyota yenyewe.

— Ehee! Patasi akaruka. Na takataka zake ndizo jangwa hili! Imetutupia sisi!

Tukacheka. Mzee hakucheka.

— Yaani wasiowahi kushikana, ndio basi tena?

— Ndio basi, mzee.

— Wilson aliniaga anakwenda migodini miezi mitatu. Mwaka wa kumi huu. Hata simu hapokei, mshenzi yule.

— Atakuja, nikamwambia. Damu nzito kuliko maji.

— Damu yake itamwagilia zabibu?

Hapo akatokea Eulalia, kapteni wa mfereji anayesimamia kazi ile, matope mpaka magotini. Akapokea kahawa, akaimwagia ardhi kidogo kwanza kama sadaka, ndipo akanywa.

— Nyumba ya Saturnino, nani anashuka mferejini?

Profesa akachungulia kikombe chake. Patasi, anayebeba jiwe peke yake, akaanza kukohoa. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa.

— Mimi, akasema mzee.

— Mzee wangu, mgongo huo?

— Ndio nilio nao.

Akachukua sepetu, akateremka taratibu akishika ukuta. Tulibaki watu watatu wenye afya zetu, na Profesa akauliza kama kahawa bado ipo.