Gurmeet wa Stoo ya Mabuti Anaondoka Peku

Mimi nina miaka sabini na nne. Nimewaaga mameneja watano na mashine tatu za kukoboa kahawa, na bado niko. Kwa hiyo asitafutwe mtu mwingine wa kuandika habari za Gurmeet Singh, mtunza stoo wetu, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya kugawa mabuti.

Hakuna mguu kiwandani hapa ambao hajui namba yake. Nashipae wa ofisini ni sita, ingawa huomba tano.

Lakini mbio za wafanyakazi zilimshinda miaka mitatu mfululizo. Kilometa kumi, Nduruma mpaka getini kwetu, na kila mwaka magoti yanampandisha kwenye pikapu inayobeba maji ya wakimbiaji, pamoja na viatu vyake vinene vya bei. Mwaka huu ndio wa mwisho, mstaafu hakimbii. Januari akanijia. Nikamwambia vua viatu, ujifunze kukimbia peku.

Nilichunga ng'ombe magharibi ya Meru, kiatu cha kwanza nimevaa nina miaka kumi na tisa. Naijua kazi. Mwezi wa kwanza nilimpa dakika tano tu kwa siku, kwenye sakafu ya kuanikia kahawa, hatua fupi, kisigino kisitangulie. Mimi nakaa nimefumba macho nasikiliza. Nikisikia pa, pa, pa, namwambia mwizi wa ndizi hakanyagi hivyo, rudia. Mwezi wa pili, nyasi za uwanja wa mpira. Wa tatu akajiona amefika, akatoka kwake Lemara hadi Sombetini peku, maana bodaboda walikuwa wanamshangilia. Wiki mbili alishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya miguu. Watu wakasema mzee umemwua Singasinga. Nikamrudisha dakika tano. Alinuna, akatii.

Jumamosi ya mbio, kilometa ya saba, tukakuta changarawe mpya imemwagwa. Mimi niko kwenye pikapu. Hans, dereva, akapunguza mwendo, akamwita Gurmeet kwa jina la mwanawe: "Baba Alisha, panda, siti yako ile ile." Gurmeet alifupisha hatua, akaipita changarawe kama paka juu ya bati, nami sikusikia kitu. Kwa umri wangu huu nilirukaruka ndani ya pikapu mpaka Hans akaniambia nikae. Aliingia getini wa arobaini na moja kati ya sitini na watatu, kilemba kimelowa, anacheka peke yake.

Kamati ya sherehe ilikuwa imeshamnunulia zawadi: viatu vya kukimbilia, vyekundu. Hawakuniuliza. Gurmeet alisoma namba, akamwita Namnyaki anayeshika stoo baada yake, akampa avae. Vimemkaa sawasawa.

Asante, Gurmeet, kwa kila mguu uliouvika. Kazeeke ukikimbia, Mungu akuongezee barabara. Anayebisha amuulize Hans aliyeshika usukani, au Brenda wa kantini, ambaye mpaka leo anakataa kufuta zile nyayo za tope alizoacha Gurmeet varandani siku ya mbio.