Karatasi Tupu Kwenye Kopo

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi mwenyewe ndiye mimi. Kushoto kuna meza ya Fundi, mshona viatu. Kulia kuna jiko la Mama Kahawa, na mdomo wake una moto kuliko jiko lenyewe. Katikati hukaa Mwalimu Nukta, mstaafu ambaye sentensi ya mtu haimpiti bila kusahihishwa, na Itifaki, aliyeendesha gari la ubalozi fulani miaka kumi na tisa na ugonjwa wa kibalozi haujamtoka hadi leo. Siku ninayoisimulia, saa nne asubuhi, Fundi alikuwa hajagonga hata msumari mmoja. Alikaa ameshika barua, nami nikamwonea huruma kabla sijajua kisa.

Kisa kilimhusu binti yake wa pekee, anayekwenda chuo kikuu kila siku akitokea nyumbani, akisomea mahusiano ya kimataifa na lugha za kigeni. Huko chuoni wana zoezi lao. Kila mwanafunzi hutia mkono kwenye kopo na kutoa karatasi yenye jina la nchi, na nchi hiyo ataiwakilisha mwaka mzima: ataisemea, ataitetea, atatia saini mikataba kwa niaba yake. Binti wa Fundi alitoa karatasi tupu. Bila shaka kuna mtu alisahau kuandika. Lakini mhadhiri wao, mama asiyerudi nyuma akishasema, alimwambia balozi hachagui kituo, aiwakilishe hiyo hiyo aliyoitoa. Basi mtoto akaitungia nchi bendera, akaitungia sheria, na mwisho akaitungia lugha yake yenyewe.

— Akafeli? aliuliza Nukta.

— Aliwashinda wote.

— Sasa unalia nini?

— Ile nchi imemwandikia.

Barua ikapita mkono kwa mkono. Karatasi ilikuwa nzito, ina mhuri mwekundu, na imeandikwa kwa herufi kama zetu ila hakuna neno hata moja tulilolijua. Siku iliyotangulia binti alikuwa amemsomea baba yake na kumtafsiria, tena bila kukwama. Ilisema muda wake wa kazi umekwisha, gari litamfuata leo saa sita mchana, na mzazi wake amkabidhi.

— Utani wa wanafunzi wenzake huo, alisema Nukta. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo haiingii hapo, Mwalimu, alisema Mama Kahawa.

— Ukiisukuma inaingia.

Mama Kahawa alikuwa na lake. Kwa maoni yake kuna kijana hapo, amempenda binti na amejifunza lugha yake ili amwandikie. Mwanamume akishikwa, alisema, hata kutaga atajifunza. Tulicheka, isipokuwa Fundi. Alisema binti hajamfundisha mtu lugha ile, na daftari alimoiandika halitoki mkobani.

— Halafu kuna kitu aliniambia, akaongeza. Alisema, baba, mle ndani ya barua kuna maneno ambayo sijayatunga bado. Ila nayaelewa.

Hapo kila mtu akaweka kikombe chini. Mimi niligundua nimeshika wembe na sina mteja.

Ni Itifaki aliyesema kwanza, na afadhali asingesema.

— Ndugu yangu, bendera kaiweka wapi?

— Chumbani kwake, ukutani.

— Basi chumba hicho si chako. Penye bendera ni ardhi ya wenyewe. Siku hizi unaingia bila hodi?

— Napiga hodi.

— Tangu lini?

Fundi alifikiri, na uso wake ukabadilika. Alisema ni tangu bendera ilipotundikwa, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Juzi alimwuliza mtoto atakula nini, naye akamjibu kwa adabu kwamba ataomba maelekezo kwanza. Ilichukua nusu saa, kisha akatoka akasema ameruhusiwa kula chochote.

— Unaona? alisema Itifaki. Lakini kila kazi ina utaratibu wake. Balozi haondoki mpaka akabidhiwe. Barua imesema mzazi. Mzazi asipojitokeza, dereva hakabidhiwi mtu, anarudi mikono mitupu. Mimi nimeendesha, najua. Wakija, wewe nyamaza tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hata Nukta, ambaye hajawahi kukubaliana na Itifaki tangu tufahamiane, aliitikia kwa kichwa. Mama Kahawa peke yake ndiye aliyekunja uso.

— Na mtoto mwenyewe umemwuliza anataka nini?

— Sijamwuliza, alisema Fundi. Nikimwuliza na akisema anakwenda, nitafanyaje?

Saa sita gari likaja. Lilikuwa la kijivu, na kibao cha namba kilikuwa cheupe, hakina kitu. Aliteremka mwanamume mwenye suti, si kijana wala si mzee, na viatu vyake havikuwa na vumbi hata chembe, ilhali mtaa wetu ni vumbi mwanzo hadi mwisho. Akasimama mbele ya benchi, akainamisha kichwa kidogo, akatuuliza swali kwa lugha ile.

Nilikuwa sijawahi kuisikia maishani mwangu, na nilielewa kila neno. Niliwatazama wenzangu, nikaona nao wameelewa.

— Kati yenu, baba yake ni nani?

Itifaki alimkanyaga Fundi mguu. Fundi aliinamia kiatu kilichokuwa mezani akajifanya anatafuta palipochanika. Ng'ambo ya barabara mlango wa nyumba ya Fundi ulikuwa wazi, na binti alikuwa amesimama pale na begi dogo, anasikia yote. Hakuwa anakwenda wala kurudi ndani. Alikuwa anamtazama baba yake.

Yule mtu akauliza tena, kwa upole ule ule. Mimi nilitaka kusema. Wallahi nilitaka, lakini niliogopa kitakachotoka kinywani mwangu kitakuwa kwa lugha gani.

— Baba? aliita binti, kwa lugha yetu.

Aliita mara moja tu. Fundi hakuinua kichwa. Niliyaona machozi yake yakidondokea ngozi ya kiatu, lakini kutoka kule mlangoni hayakuonekana.

Yule mgeni alitoa kitabu kidogo mfukoni akaandika mstari mmoja.

— Hana mtu hapa, alisema. Basi ni wetu.

Akafungua mlango wa nyuma. Binti alivuka barabara taratibu, akapita mbele ya benchi letu bila kutuangalia, akaingia mwenyewe. Gari lilikwenda polepole mpaka kwenye kona, kama linampa mtu nafasi, kisha likakata.

Ndipo Fundi aliposimama, kiatu cha watu mkononi.

— Ni mimi, alisema. Baba yake ni mimi.

Alikuwa anatuambia sisi.