Hellen Cheptoo Rono, Mtoto Aliyetumwa Kuwasha Sigara (1969–2025)

Marehemu Hellen Cheptoo Rono alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 papa hapa Kuresoi, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Kipkemei arap Rono na marehemu Mama Rebecca. Mimi ninayesoma ni Micah, kitinda mimba wao, na ni yeye aliyenibeba mgongoni. Kamati ya mazishi iliniomba niseme mazuri tu. Nitasema yaliyotokea.

Baba alikuwa mvutaji. Akiketi na wageni, alimtuma Cheptoo jikoni akamwashie sigara kwa kaa la moto. Ua ulikuwa na upepo, na sigara ikizima mtoto alichapwa, kwa hivyo aliivuta mara mbili tatu njiani. Alikuwa na miaka sita. Wageni walicheka alivyokohoa, wakampa jina la Mzee Mdogo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari ya bweni kule Molo, na mwaka 1991 akahitimu Nakuru kama afisa wa afya ya umma. Aliajiriwa mwaka 1993.

Sheria ya kudhibiti tumbaku ilipopitishwa mwaka 2007, aliona kwamba bila watu wa kuisimamia ingebaki karatasi. Akaanza kuwafundisha maafisa namna ya kukagua duka linalouzia watoto sigara mojamoja, kuandika ushahidi usiotupwa kortini, na kumsaidia mvutaji aache bila kumdharau. Kwa miaka tisa alizunguka kaunti kumi na moja, akafundisha maafisa 212. Kila somo alilifungua kwa swali moja: "Nani hapa alitumwa kuwasha?" Mikono iliinuka mingi.

Kisha mradi huo wa mafunzo ukafungwa. Wakubwa walikata keki, wakapiga picha, na maafisa wake wakahamishiwa idara ya leseni za biashara. Mmoja wao, Jerry, alimpigia simu. "Madam, pole, lakini wale nilikuwa nashika ndio sasa nawapatia license."

"Andika majina yao vizuri," alimjibu. "Siku moja wakubwa watakuuliza." Mpaka leo hakuna aliyeuliza, na hilo linaniuma kuliko keki.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1997 na Joel Kipchirchir, fundi wa mitambo kule Olkaria. Joel hajawahi kuvuta. Cheptoo alimpa sharti hilo kabla ya wazee kutaja ng'ombe hata mmoja. Walijaliwa watoto wawili.

Alianza kukohoa Novemba 2023. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, kifua kikuu ambacho hakuwa nacho. Februari mwaka huu ikaonekana ni saratani ya mapafu. Daktari alimuuliza kama aliwahi kuvuta sigara.

"Nilikuwa nawasha tu, daktari."

Saratani ilitoka wapi hatujui, na sitaki mtu aniletee jibu leo. Mzee ana miaka themanini na saba na bado anavuta. Cheptoo alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, nyumbani kwake Nakuru, Joel akiwa amemshika mkono. Ombi lake la mwisho lilikuwa kwamba asitumwe tena mtoto yeyote kuwasha katika boma hili.

Amemwacha mume wake Joel, watoto wake Natasha na Kibet, mjukuu wake Chepchumba mwenye miaka saba, baba yetu, na sisi ndugu zake watano.

Jumatatu iliyopita, kamati ikiwa hapa uani kupanga mazishi haya, Mzee alimwita Chepchumba. "Enda jikoni uniwashie hii."

Mtoto alirudi na sigara mdomoni, akikohoa. Wanakamati wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kucheka nao kabla sijasimama.

Mzee, niwie radhi kwa kukutaja mbele za watu, lakini programu ya mazishi yenye maneno haya imeshachapishwa.

Pumzika sasa, Cheptoo. Ile sigara niliizima.