Hodi ya Bi Sitara

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, dukani, jikoni au kwenye foleni ya Buguruni, leo punguzeni kelele kidogo. Punguzeni kwa heshima yake, maana mama huyu alikuwa hodari wa kunyamazisha watu. Tunamkumbuka Bi Sitara Abdulatif, muuza kanga wa Kariakoo na mwanakamati wa maafa wa mtaa wake. Bi Sitara amefariki dunia wiki hii, nyumbani kwake, baada ya kuugua. Na kuna mtu anapumua leo kwa sababu ya neno lake moja.

Neno lenyewe lilianza kama kichekesho. Baada ya mvua zile kubwa kujaza maji madukani, serikali ya mtaa na shirika moja la misaada waliwaita wafanyabiashara kwenye mafunzo ya uokoaji. Wengine walifuata soda, tusidanganyane. Bi Sitara alikwenda kwa sababu maji yalimharibia marobota yake, na hakutaka kushikwa tena kizembe. Mkufunzi, kijana anayeitwa Polycarp, aliwafundisha hivi: jengo likianguka, kwanza kimya. Kimya kabisa. Kisha piga magoti, sema, "Kama unanisikia, gonga." Halafu usikilize.

Zamu ya Bi Sitara ikafika. Akapiga magoti mbele ya rundo la makreti, akajitengeneza mtandio, akasema, "Hodi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Polycarp naye alicheka mpaka machozi, ndipo akamsahihisha. Bi Sitara hakununa. Aliuliza tu, angeingiaje kwa mtu bila kupiga hodi? Tangu siku hiyo wakamwita Bi Hodi, naye akawa anaitika.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja ghala la orofa liliporomoka, mtaa wa pili kutoka dukani kwake. Zimamoto walifika. Wanakamati walifika na vizibao vyao vya kung'aa. Wakatoa watu, Mungu awabariki. Ikabaki shaka ya mtu mmoja: Elimringi, yule Mchaga wa nguo za watoto. Simu yake haipatikani. Wengine waliapa wamemwona akielekea Mchikichini. Mkewe, Candida, alisema yumo humo humo. Wakaita, "Kama unanisikia, gonga." Kimya. Wakaita tena. Kimya. Kijiko, ile mashine ya kuchota kifusi, kikawashwa, na kijiko, wapendwa, hakimjui mtu wala tofali.

"Nilimwambia Bi Sitara, mama, mume wangu yumo," anasimulia Candida. "Hakuniuliza nina uhakika gani. Aliondoka tu."

Alikwenda kumwomba mkuu wa zimamoto aite mara moja zaidi. Mkuu akakubali, kijiko kikasimama. Bi Sitara akapita duka kwa duka na baibui lake la vumbi, akizimisha vipaza sauti vya wauza viatu, bajaji, jenereta, kila kitu. Kariakoo mnaijua. Kariakoo hainyamazi hata kwenye msiba. Siku ile ilinyamaza. Basi akapiga magoti pale kwenye kifusi, amechoka, na yale mafunzo yote yakamtoka kichwani. Akagonga bati.

"Hodi."

Chini kabisa, sauti ya mtu aliyekaukwa na koo ikajibu, "Karibu."

Elimringi anasema alikuwa akiwasikia tangu mwanzo, ila maneno yalimpita kama redio ya jirani, hajui kama yanamhusu yeye. "Lakini hodi," anasema, "utaachaje kuiitikia? Mdomo ulijibu wenyewe." Na Bi Sitara, huku machozi yanamtiririka, alimjibu kwa adabu zote za mgeni: "Starehe, mwanangu, usinyanyuke. Tunakuja sisi."

Wakachimba kwa mikono na ndoo. Kabla ya adhuhuri Elimringi alikuwa juani, mguu umevunjika, yu hai. Yu hai, wapendwa!

Polycarp anaifundisha hodi hadi leo. Lakini Bi Sitara hakupenda asifiwe peke yake. Alisema bila kile kimya alichofundishwa, ile "Karibu" isingesikika. Basi asanteni nyote, wakufunzi, zimamoto, wanakamati. Nasi tujiulize: jirani wa ukuta kwa ukuta unamjua? Mtaa ukiitisha mafunzo, utakwenda, au utauliza kama kuna soda?

Kwa binti yake Nasreen, kwa kaka yake Seifu na jamaa wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu.

Nawaachia hili alilonisimulia Nasreen. Baada ya maziko, Elimringi alikwenda kutoa pole, anachechemea na fimbo yake. Alipofika mlangoni alitaka kupiga hodi, neno halikutoka. Mwisho akagonga tu. Nasreen akaiona ile fimbo chini ya pazia, akaitikia kutoka ndani.

"Karibu, kaka Elimringi. Tunakusikia."