Jiwe Langu Lililotupwa Mtaroni

Jiwe langu lilitupwa mtaroni na watu wakapiga makofi. Naanzia hapo hapo, wanachama wenzangu wa duka letu la ushirika, maana siku ile nilikufa nimesimama wima, kapu mkononi. Jiwe lenyewe mnalijua: figa la marehemu mama yangu, limeungua upande mmoja. Lilikwenda chubwi ndani ya maji machafu, na wanawake niliowakaangia vitumbua vya arusi zao wakashangilia kama vile mpira umeingia golini.

Katibu kaniambia nieleze bila kumtaja mtu. Katibu, mwanangu, nakuheshimu, lakini mie nimesoma kisomo cha watu wazima tu, na hicho hakikunifundisha kumeza majina. Aliyelitupa ni Bwana Athumani Ngubi. Yule pale, mwenye shati la kijivu. Wakati ule ndiye alikuwa mwenyekiti wa duka.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa ajili ya waliohamia Kiwalani juzijuzi.

Sukari ilipoadimika, ikisikika tu kwamba gari linakuja kesho, watu tulikuwa tunapanga mawe mbele ya duka tangu jioni. Kila mtu na jiwe lake. Asiye na jiwe ataweka kopo lililotoboka, au kandambili moja. Jiwe likishakaa, ni wewe umekaa. Unakwenda zako kupika, kulala, na hakuna wa kuligusa. Watu wa Pwani, watu wa Lindi, Waarabu wa pale kona, wote tuliheshimu mawe ya wenzetu. Nyumba yangu inatazamana na duka, basi kila apitaye: "Mama Tatu, nitupie jicho." Nami natupa jicho. Ndugu zangu, nilikuwa naringa! Mjane, muuza vitumbua, lakini mtaa mzima umeniachia nafasi zake nizilinde.

Halafu mawe yakaanza kutembea. Mtu kaacha jiwe lake mbele, asubuhi analikuta mkiani, na sukari inaisha kabla hajafika mlangoni. Manung'uniko yakawa mengi. Siku ile niliyoanzia, Bwana Ngubi akapanda kwenye ngazi ya duka, akapaza sauti:

"Mnauliza nini? Nani anakaa mkabala na mawe? Nani vitumbua vyake havikosi sukari?"

Akashuka, akalibeba jiwe langu, na mengine nimeshawaambia. Mkewe, Bi Hidaya, akaipeleka habari bombani. Bombani mnakujua. Kufika jua la utosi mie nimeshakuwa mlanguzi, nina magunia chini ya kitanda.

Nawaambia kweli, kutukanwa si kitu. Kilichonimaliza ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Nikipita, mazungumzo yanakatika. Watoto wananiamkia shikamoo huku mama zao wanawavuta mkono. Vitumbua vikawa vinalala kwenye sinia, na mie nikawa nakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na hasira. Nikaanza kufunga virago nirudi Kimbiji kwa kaka yangu. Ningekwenda, jina langu lingebaki hapa linaoza, na binti yangu Tatu angeolewa na nani katika mtaa huu?

Basi siku moja nafunga godoro, akaingia jirani yangu, Bi Somoe. Hakubisha hodi vizuri, hajui kubisha hodi mpaka leo. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Tatu, watu wanasema wewe ndiye unayehamisha mawe. Kweli au uongo?"

"Uongo."

"Haya. Fungua godoro hilo, nipe na kitumbua."

Basi! Hayo tu! Nililia, nikacheka, kamasi na machozi vikachanganyika, naye ananiambia nisimdondoshee kwenye kitumbua. Jamani, mtu kukuuliza usoni, halafu akalisadiki jibu lako! Nilijiona nimevikwa khanga mpya.

Tukakaa tukafikiri. Mie usiku mawe nayaona, mlango wangu uko wazi kwa joto. Isipokuwa alfajiri: mie niko uani nakaanga, wanaume wako msikitini. Bi Somoe akapita nyumba kwa nyumba, akawaambia akina mama, "Msinisadiki mie, njooni muone wenyewe." Lilipotangazwa gari jingine, alfajiri wakajaa barazani kwangu, wamejifunika khanga, wanatafuna vitumbua kimya kimya kama panya.

Akatokea mtu na kapu. Akatazama huku, akatazama kule. Akaliinua jiwe la Bi Somoe, akalipeleka nyuma. Akatia mkono kapuni, akatoa jiwe jingine, la kwake, akaliweka pale pale.

"Shikamoo, mwenyekiti!" Bi Somoe akaita. "Umetuletea mihogo?"

Bwana Ngubi aliruka, kapu likamponyoka, mawe yakabingirika barabarani.

"Mie... nilikuwa natafuta mafiga."

"Mafiga kapu zima? Jiko gani hilo, mwenyekiti? Unapikia jeshi?"

Kicheko kile! Watu wa msikitini walidhani kuna arusi. Na ikawa kama arusi, maana wale wale walionipigia makofi walinibeba juu juu, vitumbua vikaisha, mwingine akaingia mtaroni mpaka magotini akanitolea figa langu. Walikuja mmoja mmoja kuniambia, "Mama Tatu, ningekuuliza mapema." Nimewasamehe, na roho yangu nyeupe. Siku hizi tukipanga foleni tunakaa wenyewe, na mikeka, na nyimbo, na mtu akiwa na neno na mwenzake analisema hapo hapo. Na Tatu wangu kaposwa.

Asante, Bi Somoe. Asante kwa kutojua kubisha hodi. Na nyie wote, ukisikia neno la mwenzako, mwendee mwenyewe, mwulize, kisha nyamaza umsikilize.

Lakini bado. Bwana Ngubi, uenyekiti ulivuliwa, lakini neno hujasema. Tukikutana unaniambia, "Tusahau tu, mama." Nisahau nini, nawe hujakitaja? Ulinitukana kwa sauti ya kusikika mpaka uwanja wa ndege, leo unataka tumalizane kwa kunong'ona?

Nimekuja na figa langu. Naliweka hapa mbele, mnaliona? Leo foleni ina jiwe hili moja, na nafasi ni yako, ya kwanza, kama ulivyozipenda. Nakaa. Njoo usimame hapa, na ujibu.