Makaburi Mawili ya Mume Wangu

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe. Mume wangu ana makaburi mawili, moja mtaa wa Kamenge na jingine mtaa wa Cibitoke, na yote mawili yalichimbwa kwa maneno, mchana mmoja, uani kwangu Bwiza. Nataka niwaeleze jinsi Mungu alivyonitoa humo.

Wengi hapa mlikimbia vita kama sisi. Nyumba yetu iliteketea, na karangamuntu yangu, kitambulisho changu, ndani yake. Kabla ya hapo mume wangu, fundi rangi, alitoka asubuhi kwenda kazini mtaa wa Asiatique, hakurudi. Nikabaki na binti zangu wawili katika chumba cha kupanga. Bila kitambulisho, askari walinirudisha kwenye kila kizuizi, nisifike sokoni kuuza. Na msaada wa unga na maharage kwa nyumba zisizo na baba ulihitaji kitambulisho hichohicho.

Nilikwenda ofisi ya zoni. Mimi hupenda kutazama watu wanavyofanya kazi, nikaona kwamba katibu huanza na swali moja tu: una mume au huna? Aliyesema anaye aliambiwa amlete. Aliyesema amefiwa aliambiwa alete karatasi ya ushahidi ya shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Mimi nilikuwa wa upande gani? Nilirudi nyumbani nikiliwaza swali hilo kuliko njaa yenyewe.

Shefu wetu alinijibu mlangoni mwake: "Mama Goreti, mi naishi karibu na we. Sijaona kuganduka kwako. Mujane gani hajaganduka?"

Alisema kweli. Kwetu msiba hauishi hadi kuganduka: jamaa wakutane tena, wanywe pamoja, na msemaji aeleze marehemu alikufaje na amelala wapi. Ndipo majirani huweza kushuhudia.

Shemeji yangu Salvatori alipopata habari, hakuniuliza. Jumamosi alileta kreti ya bia, na Fanta kwa ajili yangu mlokole, akawaita shefu na majirani waje kuganduka. Akaninong'oneza, "We kaa kimya tu, shemeji. Watoto watakula."

Akasimama, akasema kaka yake amelala Kamenge. Watu wakaitikia. Kisha akasimama jirani aliyeombwa kuwa shahidi, mzee mwenye moyo mwema, akamlilia marehemu vizuri sana, akamzika Cibitoke. Hawakuwa wamepatana.

Shefu akaweka chupa chini. "Huyu bwana alikufa mara ngapi?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Shefu akanigeukia. "Mama Goreti, we ndiye bibi yake. Alilala wapi?"

Ndugu zangu, nilijua kwamba nikichagua kaburi moja, lolote, karatasi nitaipata. Binti zangu walikuwa wamekaa mlangoni wakinitazama. Nilikuwa nimeomba chakula kwa muda mrefu, na sasa kilikuwa karibu. Lakini nilipofungua kinywa niligundua kwamba hata mimi nilitaka kujua. Nikasema, "Sijui, shefu. Alienda kazi. Hakuna hapa aliyemwona amekufa."

Salvatori akafunika uso. Shefu akasema, "Kesho kutwa asubuhi tuende zoni." Sikujua kama ananipeleka kusaidiwa au kufungwa.

Jumatatu akasimama mbele ya katibu. "Andika, mume hajulikani aliko. Mukubwa wa nyumba ni huyu mama."

"Shefu, nafasi ya hiyo haiko."

"Andika pembeni. Mi nasaini."

Katibu akaandika pembeni. Njiani nilimuuliza shefu kwa nini amenisaidia. Akasema, "Mi pia niko na kaka, sijui aliko. Nilimugandukia. Mpaka sasa sina amani."

Nilipata kitambulisho, na unga ukafuata. Salvatori alisema tu, "Ungeniambia mapema, shemeji, ningeacha bia dukani."

Namshukuru Mungu aliyenilisha bila kunidai uongo. Wewe unayemngoja mtu, na ofisi inakudai jibu usilo nalo, mtegemee Yeye. Mbele zake mtu anaweza kusema "sijui" na bado akapokelewa.

Juma lililopita, shuleni, waliwaita yatima wasimame wapewe madaftari. Goreti wangu alirudi akaniuliza, "Mama, wakiita tena, mi nisimame ao nikae?"