Wa Mwisho ni Johnson

Curtis: Haloo! Nani mwenzangu?

Marlys: Dada yako. Siku hizi hata sauti yangu huijui?

Curtis: Marlys? Subiri nizime injini... Haya. Wewe hunipigia Krismasi tu, na hii ni Februari. Kuna nini, Mzee kafa?

Marlys: We naye! Baba yupo. Yuko hapa jikoni anakunywa supu. Wewe uko wapi?

Curtis: Wyoming, kituo cha mafuta. Upepo huu unataka kunipindulia lori. Nina matairi ya kushusha Cheyenne. Sema.

Marlys: Tumetoka kwa daktari sasa hivi.

Curtis: Ehe?

Marlys: Alimuuliza rais wetu ni nani. Si unajua huwa wanauliza hivyo wakitaka kupima kichwa cha mtu.

Curtis: (Anacheka.) Kamuuliza Mzee? Mwalimu wa historia miaka thelathini na minane? Huyo daktari kajitakia mwenyewe. Bila shaka kapewa somo zima.

Marlys: Kapewa. Baba kaanza na Washington, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu na lake. Washington angeweza kujifanya mfalme, akaenda zake shambani. Lincoln kaishika nchi isivunjike, kawafungua watumwa. Roosevelt yule wa kiti cha magurudumu kawapa watu kazi wakati wa dhiki. Daktari katoa macho tu! Truman, Eisenhower, Kennedy... akafika kwa Johnson, akanyamaza.

Curtis: Pale lazima anyamaze. Anatafuta tusi.

Marlys: Curtis, nisikilize. Daktari akamwambia, endelea, na baada ya Johnson? Baba akasema, baada yake vipi, si ndiye aliyepo? Yaani Johnson, wa miaka ya sitini, Curtis!

Curtis: Alikuwa anatania.

Marlys: Hakutania. Nilikuwa namtazama usoni.

Curtis: Lakini Krismasi ulisema anasahau funguo tu—

Marlys: Nilisema, ndiyo. Nilikuwa najidanganya. Sasa daktari anasema mpaka—

Curtis: Unakatika. Rudia.

Marlys: Nasema, mpaka kiangazi hatatujua! Labda na kabla. Jumatatu ni Sikukuu ya Marais. Nitaoka pai ya cheri kama mama alivyokuwa anaoka. Njoo.

Curtis: Unajua siwezi.

Marlys: Huwezi au hutaki?

Curtis: Alinifukuza yeye, Marlys, sikukuu hiyo hiyo! Mbele ya watu wote, pai hata haijakatwa. Kila mtu aandike kwenye kadi marais wake watano bora, aseme kwa nini. Si sheria yake mwenyewe hiyo? Nikamwandika Johnson. Nikasema, huyu ndiye aliyetia saini sheria watu weusi wapige kura kule Kusini bila kuzuiwa. Huyu ndiye aliyeleta bima ya wazee, na mama kaugua miaka miwili akatibiwa kwa bima hiyo hiyo. Nilisema uongo?

Marlys: Hukusema uongo.

Curtis: Akaichana kadi yangu. Akasema anayemsifu yule muuaji asikanyage kwake mpaka siku ya kumzika.

Marlys: Na habari ya baba mdogo Duane ulikuwa unaijua.

Curtis: Kwamba kafia Vietnam, kwenye vita ya Johnson? Nani hajui, na picha yake imetukodolea macho ukutani tangu tuzaliwe! Lakini vita weka huku, sheria weka huku, upime vyote viwili. Nani alinifundisha kupima kama si yeye?

Marlys: Miaka tisa, Curtis.

Curtis: Naijua. Kila Februari naijua.

Marlys: Basi msalimie tu. Dakika moja. Baba, shika hii—

Curtis: Usimpe simu. Marlys, usim— Marlys!

(Baba yao, Orville, anaishika simu.)

Orville: Haloo? Nani huyo?

Curtis: ...Ni mimi.

Orville: Duane?

(Mtandao unakwaruza.)

Curtis: Hapana, ni—

Orville: Duane! Mshenzi wee, umenitia hofu. Uko wapi? Mama anasema umeshafunga begi.

Curtis: Niko... niko barabarani.

Orville: Usipande hilo basi. Unanisikia? Usipande!

Curtis: Basi gani?

Orville: La jeshi, basi gani tena! Ile barua waliyokuitia ichane. Nenda Kanada kama ulivyotaka. Chukua gari langu, funguo ziko... ziko mahali. Nitazitafuta.

Curtis: Kwa nini nisipande?

Orville: Kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia uende. Nilikwambia rais huyu hasemi uongo. Nilimpigia kura, Duane. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, baridi inanikata masikio, nawaambia watu, huyu ndiye Lincoln wetu sisi. Wazee watatibiwa, watu weusi watapiga kura, watoto wa maskini watasoma. Na kafanya! Kafanya kweli, siwezi kumnyima. Aliahidi pia hatawapeleka vijana wetu kule vitani, nami nikaamini na hilo.

Curtis: ...Ulimpenda.

Orville: Nilimpenda kuliko wote. Wewe ukasema unaogopa, mimi nikakuita mwoga. Mezani, mama anasikia. Nikakuita mwoga, mdogo wangu.

Curtis: Hukujua itakuwaje.

Orville: Mimi ni mwalimu! Ilikuwa kazi yangu kujua. Nisamehe.

(Lori linapita karibu na Curtis likinguruma.)

Orville: Haloo? Umepanda basi?

Curtis: Sijapanda. Nipo. Nimekusamehe... nimekusamehe zamani. Na wewe nisamehe.

Orville: Wewe umenikosea nini?

Curtis: Nilikaa kimya. Sikupiga simu, sikuandika hata mstari.

Orville: Ah, wewe na kuandika! Toka shule ulikuwa mvivu. Rudi nyumbani tu, yaishe.

Curtis: Nakuja.

Orville: Apa.

Curtis: Haki ya Mungu, kaka. Nakuja.

Orville: Haya... haya. Hebu shika hii, mama, shika simu yako. Supu imepoa.

Marlys: Curtis? Kulikoni, mbona analia? Umemwambia nini? Nilitoka mara moja tu kumletea sweta— Ala, na wewe unalia?

Curtis: Dada, ulijua kwamba alikuwa anampenda Johnson?

Marlys: Nani, Baba? Huyu huyu? Kila mwaka chini ya kadi yake lazima aandike, wa mwisho ni Johnson, na anapiga mstari mpaka karatasi inatoboka.

Curtis: Kanidhania Duane. Duane alitaka kukimbilia Kanada. Baba ndiye aliyemwambia aende vitani. Kwa sababu ya huyo Johnson wake.

Marlys: Yeye? Ee Mungu wangu. Na mama hakutuambia.

Curtis: Mimi nikaja na kadi yangu, nikamsimamia mezani kumsomea mema ya yule mtu. Alikuwa anayajua yote, Marlys! Alikuwa anayajua kabla sijazaliwa.

Marlys: Usijitese. Njoo tu.

Curtis: Nashusha matairi, nageuza. Nikiendesha vizuri kesho jioni niko kwenu. Oka hiyo pai.

Marlys: Kuna theluji, nenda pole pole. Haloo? Curtis, usikate kwanza. Kaenda kusimama dirishani, anauliza Duane anafika saa ngapi. Nimjibu nini mimi?

Curtis: Mwambie yuko nji—

Marlys: Haloo? ...Curtis? Haloo?

(Simu imekatika.)

Marlys: Baba, toka hapo dirishani, kuna baridi. Vaa sweta yako... Ndiyo, Baba. Yuko njiani.